Ngoma ya Java ina utunzi, tena mkubwa

Mhariri,

Hii kauli kwamba ngoma za jadi za Java, kule Indonesia, hazina utunzi kwa vile wachezaji wanarudia tu miondoko ya mababu, mimi naikataa kabisa. Miondoko ni ileile kweli, sibishi, lakini hapo ndo kazi ya mtunzi inapoanzia.

Chukua gambyong, moja ya hizo ngoma za Java. Mchezaji ana hazina ya miondoko inayoitwa sekaran, na kila sekaran ina mapigo yake ya kendhang, yaani ile ngoma ya kupigwa inayoongoza gamelan, kundi la wapigaji wa ala za jadi, nyingine zinachezwa kwa kutembea nyingine umesimama, na mwisho wake lazima uangukie kwenye mlio wa gongo kubwa, ile sahani ya chuma inayogongwa, sio kabla sio baada. Zamani mchezaji na mpiga kendhang walikuwa wanapanga palepale, huyu akianzisha yule anadaka. Sasa mtunzi hawezi kuweka chochote popote, anachagua ipi iifuate ipi na kiungo gani kiziunganishe, mfano srisig, zile hatua ndogondogo za haraka za kwenye ncha za vidole zinazomhamisha mchezaji upande wa pili. Huyo mnasema hatungi? Mshairi wetu naye kafungwa na vina na mizani 8 kwa 8, na fundi bado tunamjua.

Kwenye bedhaya, ngoma ya makasri ya Java, ndo utachoka. Wanawake 9, mavazi sare, nyuso zimetulia tuli. Mkono unapanda polepole, vidole vinne vimenyooka, gumba limekunjwa kiganjani, halafu mguu unapiga pembeni kile kitambaa kinachoburuta sakafuni, wote kwa pamoja. Na kwa sababu wote wanafanya kitu kimoja, jicho lenyewe linaacha mikono linafuata mpangilio, safu inavunjika, wanakuwa watatu watatu, kisha wawili tu, wenye nafasi zinazoitwa batak, yaani akili, na endhel, yaani tamaa, wanajitenga na kundi wanakabiliana, na bila mtu kusema neno unaona vuta nikuvute ya hivyo viwili. Kama kila mmoja angekuwa anacheza lake, kujitenga kwao wale wawili nani angekuona?

Kwa hiyo mhariri, waandishi wenu wakienda kuripoti ngoma, ya Java au ya popote, wasiishie kwenye mavazi ya kuvutia, watuambie nani alitoka wapi kwenda wapi, na gongo lilimkuta amefika wapi.

Msomaji wenu,
Tanga