Barua kwa Salim kuhusu kuhamisha tangi la matumbawe

Mombasa,
3 Julai 2025

Mpendwa ndugu yangu Salim,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja. Nakupongeza kwa kazi mpya ya Abu Dhabi, itakayokuhamisha kutoka Dubai, na namwomba Mwenyezi Mungu aijaalie iwe ya kheri kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Hata hivyo, kuna aya moja fupi iliyonikosesha utulivu, ile uliyoeleza kwamba wachukuzi wa samani wamekubali kulibeba lile tangi la kioo unalofugia matumbawe na samaki mwezi wa Agosti, siku moja na makabati, maji yakipunguzwa hadi robo na mawe yakibaki ndani. Nakuomba sana usikubali mpango huo, na nitakueleza sababu kwa urefu, maana najua ulivyovilea viumbe hivyo tangu vikiwa vipande vya ukubwa wa kidole.

Samaki wako na matumbawe yako wanaishi kwa hisani ya bakteria waliotanda juu ya mawe na katika tabaka la juu la mchanga. Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Ndani ya maji yenyewe bakteria hao ni wachache, na ndiyo maana mtu anayehangaika kuhifadhi kila tone la maji ya zamani, huku mawe ameyaacha yakauke sakafuni, hufika na maji mengi yasiyo na wa kuyasafisha. Jiwe likitolewa majini, bakteria wanaweza kustahimili kwa muda ikiwa litabaki na unyevu, lakini sifongo na viumbe laini waliojificha matunduni huanza kufa mara wanapoingiwa na hewa. Kuoza kwao huzalisha amonia siku mbili tatu baadaye, wakati mwenye tangi ameshapumzika akidhani kazi imekwisha. Kwa hiyo kila jiwe lisafiri likiwa limezama, na kwa maoni yangu hatari kubwa ya uhamisho huu iko katika majuma mawili au matatu ya kwanza ndani ya nyumba mpya, zaidi ya barabarani.

Mchanga unanitia hofu kuliko kitu kingine chochote. Tangi lako ni la miaka mingi, na chini kabisa ya mchanga mzito hakuna oksijeni. Huko hujikusanya mabaki ya chakula na kinyesi, na pengine haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Mchanga huo ukitikiswa ndani ya lori lililojaa vyombo, yote yaliyofukiwa kwa miaka yataibuka kwa mara moja, na ile robo ya maji iliyobaki haitakuwa na uwezo wa kuyazimua. Ningeununua mchanga mpya. Ikiwa moyo wako haukubali kuutupa wa zamani, uoshe kwa maji ya chumvi hadi maji yatoke safi, kisha chukua kopo moja la tabaka la juu ambalo halijaoshwa ulinyunyize mwishoni kama mbegu.

Kuhusu samaki wenyewe, wakati nilipokuwa nikifanya kazi ya kufungasha samaki wa mapambo wanaosafirishwa nje kutoka hapa pwani, kanuni iliyoheshimiwa kuliko zote ilikuwa kuwanyima chakula kabla ya safari, ili wasichafue maji ya mfukoni, na mfuko kujazwa theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui na ambalo huua samaki waliofika salama. Samaki anapopumua ndani ya mfuko uliofungwa, kabonidayoksaidi hujikusanya, pH (kipimo cha uasidi wa maji) hushuka, na ukali wa amonia hupungua. Mfuko unapofunguliwa gesi hiyo hutoka, pH hupanda, na amonia ile ile iliyokuwa haina makali sana hugeuka kuwa sumu kali. pH ikipanda kwa kizio kimoja, sehemu yenye sumu huongezeka karibu mara 10. Kwa safari ya Dubai hadi Abu Dhabi, ambayo ni kilomita 140 hivi, ndoo zenye vifuniko na pampu za hewa za betri zinatosha. Ukiamua kutumia mifuko, sawazisha mapema chumvi na joto la maji ya tangi jipya, ili samaki wasikae muda mrefu katika maji ya mfuko uliofunguliwa. Yule samaki wako kangaja wa buluu apewe chombo kigumu cha peke yake, kwani ile miiba iliyo kwenye shina la mkia hukata nailoni kwa urahisi.

Sasa nije kwenye mwezi wenyewe. Agosti ni wakati ambapo hata sheria ya huko inakataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:00 mchana. Matumbawe ya asili ya Ghuba yamezoea maji ya nyuzi 34 na zaidi, lakini ya kwako yalitoka Indonesia na Australia, na yamelelewa kwenye nyuzi 25. Sisi wa pwani hii tunajua joto linavyoyatenda matumbawe, maana mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ilipauka na kufa. Tumbawe likizidiwa huutema mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama yake na kulilisha, kisha hubaki jeupe na lenye njaa. Maji ya joto pia hushika oksijeni kidogo, ilhali samaki mwenye hofu huhitaji nyingi. Safirini usiku au alfajiri, ndoo zikiwa ndani ya maboksi ya kuhifadhi baridi, kwenye gari lenye kiyoyozi unaloliendesha mwenyewe, wala usilikabidhi lori.

Liko jambo moja linalohusu watu wa nyumbani kwako. Yale matumbawe madogo yanayofanana na vifungo, yaliyotanda juu ya jiwe la kushoto, ni ya jamii ambayo baadhi yake hubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana katika maumbile. Wapo watu waliolazwa hospitali baada ya kuyasugua au kuyamwagia maji ya moto na kuvuta mvuke wake. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho, usiyakwangue, usiyachemshe, na watoto wasiwepo chumbani utakapokuwa ukiyagusa.

Kioo hakinisumbui sana. Kibebwe kitupu kabisa, kwani maungio ya silikoni hayakuundwa kuhimili mawe yanayogongagonga. Zima hita kabla ya kupunguza maji, lisije likapasuka. Maji peke yake, lita 400, yana uzito wa kilo 410 hivi, kwa hiyo pima usawa wa sakafu mpya kabla ya kujaza hata ndoo moja.

Ushauri wangu ni kwamba nyumba mpya itangulie. Maji ya chumvi yachanganywe huko angalau siku moja kabla, kwa maji yaliyochujwa vizuri na si ya bombani, yafikie chumvi ya 35 kwa elfu, yaani gramu 35 kwa kila kilo ya maji hayo, na joto la nyuzi 25, na yawe ya kutosha kujaza tangi lote hata kama ya zamani yatamwagika njiani. Ukiweza kupata tangi la pili, liwe limeshapokea baadhi ya mawe majuma kadhaa kabla ya samaki kufika. Baada ya hapo pima amonia kila siku, lisha kidogo sana, punguza mwanga, na uwe na maji mengine tayari ya kubadilisha. Matumbawe yenye matawi membamba ndiyo yanayonitia shaka. Mgawie vipande mtu unayemwamini hapo Dubai, ili yakifa kwako uwe na mbegu.

Tafadhali niandikie mapema tarehe utakayokabidhiwa ufunguo wa nyumba mpya na siku ya mwisho ya mkataba wa pango la zamani. Ikiwa kati yake kuna angalau majuma matatu, tangi la pili linawezekana. Ikiwa hakuna, itabidi tutafute mtu wa kukulelea matumbawe hadi Oktoba.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wasalaam,
Nduguyo Athmani