Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: njoo thieta usikilize

Shikamoo Daktari. Mimi ni nesi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, hapa Moshi, hospitali siitaji maana kesho nataka niingie kazini kama kawaida.

Wakaguzi wakija wanaomba mafaili, wanakuta ile cheklisti ya WHO ya usalama wa upasuaji imetikiwa yote, wanasifia wanaondoka. Sasa ngoja nikwambie inavyotikiwa. Mgonjwa ameshafika wodini, nesi kakaa pembeni na kalamu anatiki vipengele vyote 19 kwa mkupuo, hadi kile cha kila mtu kujitambulisha jina na kazi yake, wakati daktari intern aliyeshikilia tumbo muda wote kaitwa "wewe" mwanzo mwisho.

Na msiseme ni mambo ya wazungu. Ilipojaribiwa kwenye hospitali za miji minane, matokeo yakatoka 2009, Ifakara yetu ilikuwemo pamoja na London na Toronto, vifo kwa ujumla vikashuka toka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi yenyewe haina dawa ndani, kazi yake ni kumpa mtu wa chini ruhusa ya kufungua mdomo.

Juzi kati tumbo linataka kufungwa, dada anayehesabu akasema gozi moja, kile kitambaa cha kufyonza damu, haionekani. Daktari bingwa anayepasua akamjibu "hesabu vizuri, umelala?" huku anaendelea kushona. Dada akarudia kwa sauti ya chini, mtu wa usingizi macho kwenye monita kama hajasikia, alafu bahati nzuri ikaonekana imegandana na nyingine kwenye beseni. Hakuna aliyeumia kwa hiyo hakuna ripoti, ila siku hizi yule dada anasema "zimetimia" haraka haraka kabla hata hajaulizwa, na hicho ndo kinanitisha.

Mabingwa wenyewe wachache na wamechoka, mtu anatoka zamu ya usiku anaunganisha na listi ya asubuhi, nalijua hilo. Lakini kuna mmoja hapa amechoka vilevile na bado anauliza majina hadi ya mtu wa usafi, kesi zake watu tunagombania kuingia.

Ninachoomba, nesi akisimamisha kazi kwa ajili ya hesabu asije akajikuta kahamishwa wodi rosta ikitoka. Na anayefoka aitwe na mwenye cheo cha kumwita, sisi hatuna, wewe unacho.

Alafu ukija Daktari usipitie ofisini, vaa skrabu usimame ukutani kabla kisu hakijagusa mtu. Na usitoe taarifa, ukitoa tutakesha tunatiki mafomu.