Herufi t katika vitenzi vya Kiholanzi: inakaa wapi na inaondoka lini

Tukisahihisha kazi za wanafunzi wanaojiandaa na mtihani wa Kiholanzi, wino mwekundu mwingi hauishii kwenye msamiati. Unaishia kwenye t: imewekwa isipotakiwa, au imesahaulika inapotakiwa.

Kiswahili hubeba nafsi ndani ya kitenzi: ninafanya, anafanya. Kiholanzi huitaja kando, na haiachwi. Ukisema "woon in Utrecht" bila "ik" (mimi), msikilizaji anaweza kudhani unamwamuru akaishi huko.

Katika wakati uliopo, chukua kitenzi cha kamusi, werken (kufanya kazi), uondoe -en. Shina ni werk. "Ik" hutumia shina tupu: ik werk. Jij (wewe), u (wewe, kwa heshima), hij (yeye mwanamume), zij (yeye mwanamke) na het (kitu) huongezewa t: hij werkt. Nafsi zote za wingi hurudi kwenye umbo la kamusi: wij (sisi) werken, jullie (ninyi) werken, zij (wao) werken. Ndiyo maana "zij" haipaswi kukutisha: zij werkt ni yeye mwanamke, zij werken ni wao.

Shina lenyewe ndilo lenye mitego. Irabu iliyokuwa ndefu lazima ibaki ndefu, kwa hiyo wonen (kuishi) hutoa woon, na maken (kutengeneza) hutoa maak. Konsonanti mbili zinazofanana hazikai mwishoni mwa neno, hivyo zitten (kukaa) hutoa zit. V mwishoni mwa shina hugeuka f, na z hugeuka s: ik leef (ninaishi), hij reist (anasafiri). Wingi hurudisha herufi za awali: wij leven, wij reizen. Komen (kuja) haifuati mkondo huu: ni ik kom, kamwe si "koom".

Sasa t inayoondoka. "Jij" (au "je", bila mkazo) ikija baada ya kitenzi chake, t hudondoka: jij werkt, lakini werk jij? Si maswali tu. Ukianza sentensi na neno la wakati, kitenzi hubaki nafasi ya pili na mtenda husogea nyuma yake: morgen werk je (kesho unafanya kazi). "U" na "hij" hazina msamaha huo: werkt u? werkt hij? Angalia pia "werkt je broer?" Hapo "je" ni "wako" na mtenda ni kaka, kwa hiyo t inabaki. Mtego huu huwanasa hata wanafunzi wazuri.

Shina likiishia na d, sikio halisaidii, kwa sababu word na wordt, za worden (kuwa, kugeuka), hutamkwa sawa. Waholanzi wenyewe hukosea hapa. Weka lopen (kutembea) mahali pa kitenzi hicho usikilize: hij loopt, basi hij wordt, loop jij, basi word jij. Shina likiishia na t, haiongezwi nyingine: hij zit.

Vya kukariri tu, zijn (kuwa) na hebben (kuwa na): ik ben, jij bent, hij is, wij zijn, ik heb, jij hebt, hij heeft, wij hebben. Hij kan (anaweza), hij mag (anaruhusiwa), hij wil (anataka) na hij zal (ata-) havina t. Utasikia "hij wilt" mitaani. Kwenye karatasi ya mtihani ni kosa. T ya "moet" ni ya shina la moeten (kulazimika), iache ilipo.

Vitenzi vinavyogawanyika, kama opbellen (kupiga simu), hupeleka kipande cha mbele mwishoni: ik bel je morgen op. Kanuni ya 't kofschip, neno la kukumbushia herufi za mwisho wa shina ambayo huenda umeikuta mtandaoni, ni ya wakati uliopita; kwenye wakati uliopo iweke kando kabisa.

Kwenye huduma yetu ya masahihisho, tuletee aya moja uliyoandika mwenyewe, bila kuipitisha kwenye programu ya tafsiri. Tutapigia mstari kila kitenzi na mtenda wake, kisha tutakuonyesha ni kanuni ipi kati ya hizi inayokuponyoka, ili somo lako la kwanza lianzie hapo.