Mhariri, mchongoano si tusi la nguoni

Kwako mhariri,

Naandika juu ya hili neno matusi, venye linatumika siku hizi hapa Nairobi kwa magazeti, kwa redio, hata kwa ofisi za walimu. Limekuwa kama gunia, kila kitu kinatupwa ndani.

Mwezi jana niliitwa shule huku Eastlands. Kijana wangu yuko gredi ya sita na kwa daiari yake kulikuwa kumeandikwa "anawatolea wenzake matusi." Usiku huo sikulala, nilijua ameokota yale maneno ya kwa stage, nikaomba ruhusa kazini nikaenda. Kufika nauliza amesema nini, mwalimu anaona haya kutamka, mwishowe akaniandikia kwa karatasi: "Nyinyi ni wachoyo hadi mkipika chapo mnafunga madirisha ndio harufu isitoke." Basi, ni hiyo tu. Na mwenzake ndiye alikuwa ameanza, alimwambia mamake ni mnono hadi akipanda mathree konda anamwitisha fare ya watu wawili, na huyo mama ni mimi na sikuumia hata kidogo.

Huo ni mchongoano. Sisi tuliolelewa mitaa hii tumeucheza, wawili wanasimama katikati wengine wanazunguka, unachongoa, unachongolewa, anayekasirika ndiye ameshindwa. Na una sheria zake ingawa hazijaandikwa popote, lazima useme uongo mkubwa hadi kila mtu anajua ni uongo. Ukigusa kitu cha ukweli, kama vile mwenzako babake aliwatoroka ama nyumba yao ilibomolewa, hapo umetoka kwa mchezo umeingia kwa masimango, na hao hao waliokuwa wanacheka watakunyamazia. Watoto wanajua huo mpaka vizuri sana. Aliyeandika kwa daiari ndiye hakujua, na sasa kijana wangu ana alama ya mtukanaji kwa rekodi yake.

Halafu nikaona kwa ukuta wa ofisi sheria za shule, Kiingereza juu Kiswahili chini, na moja inasema "Ni marufuku kuapa." Nilisimama hapo nikafikiria, kwani mtoto akisema walai ama haki ya Mungu amekosa nini? Kumbe mtafsiri alikutana na swear ya Kiingereza, ambayo ni kuapa na pia ni kutoa maneno machafu, akachukua maana ya kwanza akaenda nayo. Kwetu hayo ni mambo mawili, hayajawahi kukaa nyumba moja. Anayeapa anamwita Mungu awe shahidi. Anayetukana haiti shahidi yeyote.

Mama mkwe wangu ni wa Mombasa na yeye hachanganyi kabisa. Kumsuta mtu ni kumwambia uongo wake ama umbea wake usoni, tena mbele ya watu. Kumsimanga ni kumkumbusha shida yake ama fadhila ulizomfanyia. Kumkebehi ni kumcheka kwa dharau. Kumwapiza ni kumwombea mabaya, na laana yeye anasema si ya kila mtu, mwenye laana ni mzazi. Halafu kuna tusi la nguoni, na hilo akilitaja anashusha sauti hata kama tuko wawili jikoni. Nguoni, yaani kile ambacho nguo imefunika. Ni tusi linalomvua mtu nguo barabarani, ama linamvua mamake ambaye hata hayuko hapo kujitetea.

Hilo nililiona kwa stage ya matatu ya Muthurwa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mama mmoja wa makamo, ana gunia la sukuma, alikuwa anabishana na makanga juu ya shilingi hamsini ya mzigo. Yule kijana akamwambia kitu juu ya mwili wa mama aliyemzaa, kwa sauti, watu wote wakasikia. Yule mama hakujibu. Alifungua leso yake akaifunga tena, akaikaza, halafu akaifungua tena akaikaza, mikono inatetemeka. Kulikuwa na askari karibu, watu wakamwita, na jibu lake lilikuwa, "Ni matusi tu mama, songa, usifunge njia."

Ni matusi tu! Neno lile lile lililoandikwa kwa daiari ya kijana wangu juu ya chapati.

Hata sheria yetu haichanganyi hivyo. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 94 inataja maneno ya vitisho, ya matusi na ya kudhalilisha, kila moja peke yake, na ukiyasema mahali pa umma kwa nia ya kuchochea watu wavunje amani unaweza kufungwa miezi sita. Kashfa ni kitu kingine, na tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2017 ni ya kudaiana fidia, si ya jela. Matamshi ya chuki nayo yako kwa Katiba, kifungu cha 33. Na marehemu Rais Kibaki alipokuwa anasema "pumbavu" jukwaani watu walicheka, wengine walikasirika, lakini hakuna aliyesema ametukana nguoni, manake watu wanasikia tofauti.

Kwa hivyo mhariri naomba hivi. Mnapoandika mheshimiwa fulani "alimporomoshea mwenzake matusi" tuambieni alifanya nini haswa, alimkebehi, alimtisha, alimkashifu ama alimtukana mamake. Najua lenyewe haliwezi kuchapishwa na silitaki kwa meza yangu, watoto wanasoma. Lakini andikeni "tusi la nguoni," ni maneno matatu tu, na msomaji ataelewa yule mama wa Muthurwa alifanyiwa nini.

Mzazi,
Umoja, Nairobi