Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mfuko wa Maafa, Bonde la Mto Kanoni, Bukoba

Ndugu wanachama,

Kazi za kawaida za mwaka mnazifahamu. Mitaro ilizibuliwa mara tatu, mabingobingo yalipandwa ukingoni na wajane wawili walisaidiwa bati. Tulianza mwaka na shilingi 742,000, tukakusanya 1,980,000, tukatumia 1,514,500, na zimebaki 1,207,500. Hesabu zote anazo mweka hazina.

Suala linalohitaji maelezo ni uamuzi wa kamati baada ya mafuriko ya masika, ambapo kati ya nyumba saba zilizopata hasara tulizifidia nne, kila moja shilingi 250,000, na tatu tukazikatalia kwa sababu zimejengwa ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nimeitwa majina kwa ajili hiyo, hata msibani, mahali ambapo sikutegemea.

Mita 60 si kipimo nilichokitunga mimi. Kimo katika kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na sisi wenyewe tulikiingiza katika kanuni za mfuko mwaka 2021, wakati kumbukumbu ya mwaka uliotangulia ilikuwa bado mbichi, kwa maana Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kuliko hata mwaka 1964. Wazee wetu wanakumbuka mvua za mwishoni mwa 1961, ambazo ziliinua ziwa zaidi ya mita mbili katika muda usiofika miaka mitatu. Ziwa likijaa, Kanoni hukosa pa kumwaga maji, nayo hurudi vibanjani na sebuleni kwetu. Mwenye nyumba ukingoni, kwa hiyo, hasubiri bahati mbaya, anasubiri msimu.

Wanaopinga wanasema nyumba zao ni za zamani kuliko sheria. Hilo ni kweli kwa nyumba mbili, na nawaonea huruma, lakini mfuko huu si mahakama wala serikali. Tuliuanzisha Januari 2017, baada ya tetemeko la Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ambalo kwa ukubwa wa 5.9 liliua watu zaidi ya 15 mkoani kwetu, likaziharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato, na kuangusha kuta za matofali yaliyoshikwa kwa udongo bila linta. Tetemeko halichagui kiwanja, na ndiyo maana tulikubaliana kuchangiana. Mafuriko yanachagua, na aliye ukingoni anayajua makazi yake.

Imesemwa pia kwamba nyumba ya shemeji yangu imelipwa. Iko mita 63. Niliipima mwenyewe kwa futi kamba mbele ya wajumbe wawili, tukarudia, na wakati wa kura nilitoka nje, kama muhtasari unavyoonyesha. Nyumba iliyoleta ugomvi mkubwa ilikuwa na mita 58, nayo tuliipima mara tatu. Mwenye futi ndefu zaidi anakaribishwa.

Ningependa wanaolalamika wangekuwepo siku ya uamuzi. Tuna wanachama 86. Waliohudhuria mkutano wa Juni ni 23, wakiwemo wanne waliofika chai ikimiminwa. Ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi, na kama wote wangelipa tungekusanya 5,160,000. Waliolipa mwaka mzima ni 33, wengine hawakulipa hata mwezi mmoja, na kati ya nyumba tatu zilizokataliwa, mbili zinadaiwa tangu mwaka juzi. Sikulitaja hilo katika barua zao kwa heshima, ila sasa nimelazimika.

Kwa mwaka ujao kamati inatarajia kuzungumza na halmashauri kuhusu kupanua mkondo wa mto, na, Mungu akipenda, kutafuta fundi wa kutufundisha kufunga linta kwenye nyumba za zamani. Pendekezo la kubadili kanuni ya mita 60 limepokelewa kwa maandishi na litajadiliwa kama ajenda ya sita. Watakaopiga kura ni wanachama waliolipa ada pekee. Daftari la malipo litakuwa mlangoni kuanzia saa 2 asubuhi.

Mwenyekiti