PES 6 yako imeng'aa, lakini haichezi

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alitoka dukani kwetu Kirumba, Mwanza, tunakonunua na kuuza gemu za zamani, amenuna, anatuita wezi. Alikuwa amevuka ziwa kutoka Nansio, Ukerewe, na PES 6, gemu ya mpira ya mashine ya PlayStation 2 (PS2), original, kava na kitabu vyote vipo. Kwenye simu nilimtajia shilingi 25,000. Alipofika nikampa 6,000, na sijuti.

Usiku wa kuamkia safari aliisugua kwa dawa ya meno ili ing'ae. Iling'aa kweli! Ila dawa ya meno ina chembe zinazokwangua, naye alizungusha kitambaa kama anayesugua sufuria. Data za diski zimejipanga kwa mzunguko. Mkwaruzo unaotoka tunduni kwenda ukingoni hukata vipande vidogo tu, na mashine ina hesabu zake za kuvijazia. Mkwaruzo unaofuata mzunguko unakula kipande kirefu kwa mkupuo, hapo hesabu zinashindwa. Menyu inafunguka vizuri, unachagua timu, halafu dakika ya 60 mtangazaji anakatika katikati ya neno na picha inaganda. Mikwaruzo aliyotaka kuiondoa ilikuwa miwili, ya kawaida kabisa.

Kitambaa laini, maji kidogo, futa kutoka tunduni kwenda nje. Basi. Na upande wenye picha usiuandikie jina lako kwa kalamu: kwenye CD za PS1, PlayStation ya kwanza, data ziko chini kidogo tu ya ile picha. Nimewahi kukataa gemu ya mpira ya PS1, ISS Pro 98, safi kwa chini, juu ikiwa na majina ya ndugu watatu.

Lawama nyingine inatoka intaneti: "Mbona Uingereza wanauza laki?" Hiyo ni bei anayoomba muuzaji. Tazama bei za zilizokwisha kununuliwa. Gemu za mpira zilitengenezwa kwa mamilioni na kila mwaka ikatoka mpya, ndiyo maana FIFA nyingi za zamani hazifiki hata bei ya chipsi kuku. Tofauti ni za mwisho: FIFA 14 na PES 2014 za PS2 zilitoka 2013, mwaka ambao PS4 iliingia sokoni. Hizo zikija na kava nainuka kitini.

Kopi sinunui. Original za PS1 ni nyeusi kwa chini, lakini CD tupu nyeusi nazo zipo, kwa hiyo nasoma maandishi ya kiwandani kwenye pete ya katikati, kisha naiweka kwenye mashine isiyochipiwa, yaani isiyofungwa chipu ya kusoma kopi. Winning Eleven, yaani PES za Japani, nina mashine yake, maana mashine ya Ulaya huzikataa hata zikiwa original.

Mnasema napunja. Kila diski naichezea mechi nzima, vipindi vyote viwili, na kesho yake tena mashine ikiwa imepoa. Lenzi ya mashine inayochakaa ni yangu.

Kaka mmoja wa Igoma alitaka niongeze 20,000 kwa sababu memori kadi yake, inayohifadhi pale mchezo ulipofikia, ina Master League (ligi ya PES unayojenga timu msimu kwa msimu) ya misimu 11, na Castolo, mchezaji wa kubuni wa timu ya kuanzia, bado anaanza. Nilinunua gemu, kadi nikamrudishia. Wiki mbili baadaye alikuja kununua gemu ileile. Nikamtajia bei ya rafuni, akalalamika.