Sheli ya Great Missenden

London, Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Habari za nyumbani, na kazi ya kliniki inakwendaje? Sisi hatujambo, ila miguu inatuuma maana jana tumetembea kutwa nzima. Watoto wamelala mapema kwa uchovu, nami nimeona nikuandikie kabisa. Ningekupigia simu tungeishia kuongea bei ya mchele.

Nilikwambia kifungua mimba wangu amezama kwenye vitabu vya Roald Dahl, yule mwandishi wa hadithi za watoto. Kile cha Matilda amekisoma mpaka jalada limebanduka. Basi likizo hii, badala ya kuwaacha wakodolee runinga, nikasema niwapeleke kule kule alikoishi huyo mzee. Kijiji chake kinaitwa Great Missenden, kiko Buckinghamshire, na kutoka kituo cha Marylebone treni haimalizi hata saa moja. Nikakaanga maandazi, nikajaza chai ya tangawizi kwenye chupa, tukaondoka asubuhi na manyunyu.

Aliishi hapo tangu 1954 mpaka alipofariki 1990, na alichokuwa anakiona kila siku ndicho alichokitia vitabuni. Kijiji chenyewe ni kama barabara moja tu. Ukishuka kituoni umeshafika, na kila kitu unakifuata kwa miguu. Kuna maktaba ndogo, ile ambayo Matilda anakwenda peke yake na miaka yake minne. Kuna nyumba kongwe yenye mbao zinazoonekana ukutani, ndiyo iliyompa picha ya nyumba ya yatima anamotoroshwa yule mtoto Sophie na lile jitu jema kwenye kitabu cha The BFG. Mwanangu alikuwa anatangulia mbio, anasimama, anatuita kwa mkono kama mwenyeji wetu.

Mbele kidogo tukakuta gereji ya zamani ina pampu nyekundu za mafuta, zile za kizamani zinazosimama wima kama askari. Ndizo alizozitumia kwenye kitabu cha Danny na baba yake. Kitinda mimba akaniuliza, "Mama, hiki nini?" Nikamjibu bila kufikiri, "Sheli."

Kaka yake akanisahihisha. Hapa hapajaandikwa Shell, mama. Ikabidi niwaeleze kwamba kwetu popote panapouzwa mafuta ni sheli, awe mwenyewe nani. Na nilipokuwa natamka hivyo, shoga, mwili ukanisisimka, kwa sababu nilikumbuka jambo ambalo nililisoma zamani na sikuwahi kuwaambia: huyu mzee alikuwa mtu wa Shell, ile kampuni ya mafuta! Alikuja Dar es Salaam mwaka 1938, kijana wa miaka 22, akakaa kwenye nyumba ya kampuni inayotazama bahari. Akajifunza Kiswahili. Akawa anazunguka na gari kwenye barabara za vumbi kuwauzia wenye mashamba ya mkonge mafuta ya mashine.

Mkonge! Nikamfikiria babu yako hapo hapo. Huenda mashine zilizokuwa zinasaga majani aliyoyakata zililainishwa kwa mafuta yaliyopita kwenye mkono wa kijana huyo. Watoto walinikazia macho. "Aliishi kwa bibi?" "Alikuwa anasalimia 'Jambo'?" Tangu hapo hawakuniachia. Tulikuwa tumekwenda kutafuta mwandishi wa Kiingereza, tukajikuta tunaongea habari za nyumbani katikati ya barabara ya kijiji cha Waingereza, mvua inatunyeshea.

Jumba la makumbusho liko barabara hiyo hiyo, kwenye majengo yaliyokuwa nyumba ya wageni enzi za magari ya farasi. Lilifunguliwa 2005. Mengine nayapita haraka, ila kibanda lazima nikueleze. Alikuwa na kibanda bustanini kwake ambamo aliandikia vitabu vyake, na vitu vya ndani wamevihamishia jumbani kama vilivyokuwa. Mimi nilitegemea meza ya maana, kabati la vioo. Kumbe ni kiti cha zamani chenye mikono, kimechakaa, nyuma yake amekikata tundu mwenyewe kwa sababu mgongo ulikuwa unamuuma tangu ndege yake ya vita ilipoanguka jangwani Misri mwaka 1940. Hakuwa na dawati. Alilaza ubao uliofunikwa kitambaa cha kijani juu ya mikono ya kiti, miguu akaiingiza kwenye mfuko wa kulalia kwa ajili ya baridi, akaandika kwa penseli kwenye karatasi za njano. Kila asubuhi anachonga penseli sita ndipo aanze. Pembeni kuna meza ya makorokoro yake: donge la karatasi za chokoleti alizokuwa anakula alipokuwa kijana ofisini London, zimeviringishwa siku baada ya siku mpaka zikawa tufe zito, na kipande cha mfupa wa nyonga yake mwenyewe alichobaki nacho baada ya upasuaji. Kitinda mimba aling'ang'ania hapo kwenye mfupa mpaka watu wakapanga foleni nyuma yetu.

Yule mkubwa alikaa kimya muda mrefu anatazama kile kiti. Kisha akasema, "Kwa hiyo na mimi naweza." Sikumjibu kitu, nilimshika bega tu.

Sasa nikwambie na lile lililonikaa kooni, maana wewe sikufichi. Mzee Dahl alipokuwa shule ya bweni, na hata baadaye, alikuwa anamwandikia mama yake barua kila wiki, mamia ya barua, na za utotoni alikuwa anajiita Boy. Kitabu chake cha utoto amekiita hivyo hivyo. Jina la mapenzi, la mtoto wa mama. Na mtu huyo huyo alipofika kwetu akakuta neno hilo wanaitwa wanaume wazima wenye wake na watoto. Boi, lete maji. Marehemu baba yangu alikuwa halivumilii neno hilo masikioni mwake. Na kwenye kile kitabu cha kiwanda cha chokoleti, kilipotoka mara ya kwanza 1964, wale wafanyakazi wadogo wanaolipwa kakao walikuwa mbilikimo weusi kutoka Afrika. Watu wakalalamika, naye akawabadilisha kwenye chapa ya 1973. Nilimweleza mwanangu yote haya tukiwa tunakula maandazi chini ya paa la duka lililofungwa. Ana miaka kumi, anaelewa. Aliniuliza kama bado anaruhusiwa kukipenda kitabu. Nikamwambia akipende, na ajue. Sijui kama nimesema vizuri, lakini ndivyo ninavyoamini.

Mchana tukapanda kilima kwenda kanisani, maana kaburi lake liko huko. Kuna benchi la duara linalouzunguka mti, na kutoka hapo nyayo kubwa za jitu zinakuongoza mpaka kaburini. Watoto wanaruka kutoka unyayo hadi unyayo. Familia yake wanasema walimzika na penseli zake, chokoleti, divai na msumeno wa umeme. Juu ya kaburi wageni huacha vitu vidogo vidogo. Wangu waliacha shilingi mia ya Tanzania niliyokuwa nayo kwenye pochi tangu safari ya mwisho. Wazo lao, si langu.

Na hapo kwenye nyayo nilikukumbuka wewe na kazi yako. Kitabu cha lile jitu amemtunukia binti yake Olivia, aliyefariki Novemba 1962 kwa surua iliyopanda ubongoni. Alikuwa na miaka saba. Chanjo ya surua ilikuwa bado haijafika kwa watoto wa huku. Mwaka 1986 baba yake akawaandikia wazazi barua ya wazi, akasimulia jinsi mtoto alivyoonekana anapata nafuu, naye baba amekaa kitandani kwake anamfundisha kutengeneza wanyama wa vijiwaya vya rangi, mara akaona vidole vya mtoto havimtii tena. Hazikupita zaidi ya saa kumi na mbili tangu hapo, mtoto akawa ameshakufa. Akawasihi wazazi wawachanje watoto wao. Ukipata mama anayesitasita pale kliniki, msimulie habari hii.

Tulirudi na treni ya jioni, soksi zimelowa. Kitinda mimba, ambaye unajua nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, akaegemea bega langu akaniuliza, "Mama, penseli ni nini kwa Kiswahili?" Nikamwambia ni penseli. Akafurahi kama nimempa zawadi. Akauliza mfupa. Akauliza jitu. Akauliza mkonge, hilo nikamwambia halina Kiingereza kitamu. Tumefika Marylebone bado anauliza.

Desemba tunakuja, Mungu akipenda. Sitaki siku zote ziishie kwenye harusi na kutembelea ndugu. Nataka siku moja tuwachukue watoto wangu na wako, tupite ufukweni Dar huku tukisimulia, kisha tupande basi twende Tanga wakaone mkonge kwa macho yao na kugusa miba yake. Mwambie mama ajiandae, mkubwa anataka amsimulie habari za babu yako shambani, yote anayoyakumbuka. Jana amenunua daftari la karatasi za njano kwa ajili hiyo, na amekataa kuandika chochote ndani mpaka afike.

Niulizie nauli ya basi mapema.

Wako akupendaye,
Shoga yako